Kitanda cha Chini, Chumba Namba 147

Shangazi yangu hawezi kupita kitanda kilichotandikwa vibaya akakiacha hivyo hivyo. Siku ya harusi yangu wageni walikuwa wamejaa sebuleni, yeye yuko chumbani kwangu anakunja pembe za shuka. Nilipomwambia, shangazi jamani, watu wanatungoja, alinijibu kwamba ndoa inayoanza na shuka la kuburura sakafuni haifiki mbali. Ndoa ina mwaka wa kumi na nne sasa, na kila akija kwetu anakagua pembe zile kwanza ndipo akubali glasi ya maji. Mume wangu humwita mkaguzi mkuu, tena mbele yake, na yeye hucheka.

Alianza kutandika vitanda akiwa na miaka kumi na tisa, katika hoteli kubwa inayotazama bandari, akastaafu akiwa msimamizi wa vyumba vyote. Hotelini walimwita Mama Shuka. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumdanganya kuhusu kitanda. Aliingia chumbani, akatupa jicho mara moja, akasema huyu alilala peke yake, huyu hakulala kabisa, hawa wawili wamegombana na mwanaume amelala kwenye kiti. Wasichana wa kazi walimwogopa kuliko meneja.

Watu walidhani anapenda hoteli. Ukweli ni kwamba alikwenda kufanya kazi pale kwa sababu pale ndipo walipofikia abiria wa meli.

Alipokuwa na miaka sita, mama yake, yaani bibi yangu mzaa baba, aliondoka kwenda ng'ambo. Alikuwa mjane kijana, yaya wa watoto wa mhandisi mmoja. Mhandisi alipomaliza mkataba wake akarudi kwao na familia yake, akamtaka yaya aende nao kwa miaka miwili. Shangazi na baba yangu, ambaye alikuwa anajifunza kutembea, waliachwa kwa mama yao mkubwa katika mji wa bara, mbali na pwani. Miaka miwili ikapita, ikawa mitano, ikawa kumi. Hakuna barua iliyofika wala salamu ya mdomo.

Baba yangu alikua akiamini kwamba mama yake aliwatupa, na alikufa akiamini hivyo. Ukimtajia meli alikuwa anainuka na kutoka nje. Mimi ni mtoto wa baba yangu, na hasira ile nimeirithi pamoja na pua. Nilipokuwa msichana nilimwambia shangazi wazi kwamba huyo bibi alipata maisha mazuri huko akatusahau, basi na sisi tumsahau. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu kwamba mimi sikuwahi kubebwa mgongoni na huyo mtu ninayemtukana.

Hicho ndicho alichobaki nacho, mgongo. Uso wa mama yake haukumbuki hata kidogo. Anakumbuka shingo yake kwa nyuma, nywele fupi, na alama ndogo nyeusi chini ya sikio la kushoto. Kwa hiyo kila meli ya abiria ilipoingia, Mama Shuka alitafuta sababu ya kupita kwenye korido za hoteli, akiwaangalia wanawake kwa nyuma. Alifanya hivyo miaka arobaini. Aliniambia kwamba kuna siku alimfuata mgeni mmoja mpaka mlango wa lifti, na yule mama alipogeuka alikuwa mtu mwingine kabisa, akamuuliza kama anahitaji msaada. Shangazi aliingia chumba cha mashuka, akajifungia, akalia mpaka zamu ikaisha.

Meli ile aliyopanda mama yake ndiyo iliyorudi kabla ya mtu. Ilikuwa imezeeka, imebadilishwa rangi mara kadhaa, imewahi kufanywa hoteli ya kuelea katika bandari ya watu wengine. Sasa ikavutwa na kufungwa kwenye gati ya zamani, hapa hapa ilipokuwa inaanzia safari zake, ikingojea kupelekwa kukatwa iuzwe chuma chakavu. Wenye meli walikuwa na utu kidogo, au labda waliogopa magazeti. Walitangaza redioni kwamba kabla haijaondoka, familia za abiria wa zamani zitaruhusiwa kuingia, kila familia saa moja, katika chumba alicholala ndugu yao. Ila lazima uthibitishe ni chumba gani. Sakafu zimeoza, watu hawataachwa wazurure humo. Mlinzi atakupeleka kwenye mlango mmoja na kukurudisha. Asiye na namba ya chumba asijisumbue.

Shangazi alinipigia simu dukani. Mimi nafanya kazi kwa daktari wa macho, nauza miwani na kupima lenzi, na mchana ule nilikuwa na mteja kitini.

"Nataka ile lenzi yako kubwa," alisema. "Na wewe mwenyewe uje. Macho yangu hayatatosha."

"Shangazi, unataka kuangalia nini?"

"Mama yangu alilala wapi."

Nilitaka kukataa. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtoto, na yeye ana miaka sitini na minane.

Kumbukumbu za meli zilihifadhiwa katika chumba kimoja juu ya ofisi za bandari, chini ya uangalizi wa mtu tuliyempa jina la Bwana Faili. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio, na ukutani kwake alibandika ramani ya meli nzima, sitaha juu ya sitaha, kila chumba kikiwa kisanduku. Miaka sita alikuwa akitafuta nani alilala wapi katika safari ile ya bibi yangu, kwa kuwa ilikuwa safari iliyobeba abiria wengi kuliko zote, na kitabu chenyewe cha vyumba kiliungua zamani. Orodha ya abiria ilikuwepo, lakini haikuwa na namba. Basi alikuwa anaunga kipande kwa kipande: barua ambazo watu waliandika kwao wakilalamikia kelele za mashine, vibandiko vya masanduku, orodha ya meza za chakula. Akipata uhakika anaandika jina kwenye kisanduku. Nusu ya visanduku vilikuwa bado vyeupe.

"Jina la mama yako?" aliuliza.

Shangazi akamtajia. Bwana Faili akapekua orodha, akapekua tena, kisha akaikunja taratibu kwa aibu.

"Mama, samahani. Watumishi wa abiria hawakuandikwa majina. Wameandikwa hivi tu: yaya mmoja, dereva mmoja, mpishi mmoja. Mayaya wako kumi na mmoja. Nani ni nani, sijui."

Damu ilinichemka. Nikamuuliza kama mbwa wa abiria nao hawakuandikwa majina. Akasema, kwa kweli, mbwa waliandikwa. Shangazi alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Na hicho ni nini?" aliuliza, akionyesha kitabu kirefu chenye jalada la kitambaa kilichokuwa kinazuia dirisha lisijifunge.

"Hicho ni cha mtumishi mmoja wa vyumba vya chini. Wajukuu zake walikileta. Nimekihangaikia mwaka mzima, hakisomeki. Ni mistari, viduara na namba tu."

Shangazi akakichukua, akakifungua, akavaa miwani. Nikamwona anatabasamu peke yake.

"Hakisomeki? Mwanangu, haya ni mashuka."

Akawa kama mtu aliyekutana na lugha ya kwao ugenini. Aliyemfundisha kazi hotelini alikuwa amefundishwa na mtumishi wa meli, na alama zile zile walizitumia kila asubuhi mpaka kompyuta zilipoletwa. Mstari uliosimama: kitanda kimelaliwa, shuka likafuliwe. Duara: kitanda kitupu. Nusu duara: kitanda kimekaliwa lakini hakikulaliwa, mtu aliketi tu ukingoni, kwa hiyo shuka halifuliwi, linapigwa pasi na kurudishwa. Kila chumba kilikuwa na mstari wake, kila kitanda alama yake, siku kwa siku, safari nzima ya siku kumi na tisa.

Bwana Faili aliketi chini.

Wiki tatu zilizofuata nilikuwa nikitoka kazini najiunga nao. Shangazi alikuwa anafika pale tangu asubuhi na chupa yake ya chai, anamsomea Bwana Faili kitabu, na visanduku ukutani vikaanza kujaa. Alijua vyumba vya kina mama wenye watoto kwa wingi wa mashuka. Alijua chumba cha mgonjwa. Siku moja aliweka kidole mahali akasema, "Huyu bwana wa 118, kitanda chake duara tupu safari nzima. Na huyu mama wa 121, tazama, mito miwili. Waandike pamoja." Bwana Faili akaona haya, akasema hana ushahidi wa kutosha. "Wewe una ushahidi wa karatasi," shangazi alimwambia, "mimi nina ushahidi wa mito." Sikumbuki lini nilikuwa nimemwona amechangamka hivyo. Alipaka hata mafuta mikononi kabla ya kushika kurasa, kisha akagombezwa kwa sababu mafuta yanaharibu karatasi.

Mwishoni mwa kitabu ndipo tulipopata orodha ya kengele. Abiria wa daraja la kwanza walikuwa wakibonyeza kengele wakitaka mtumishi wao usiku, na huyu mtumishi wa vyumba alihitaji kujua akamwamshe nani. Aliandika namba ya tajiri kushoto, na kulia kitanda cha mtu wa kuamshwa. Bwana Faili tayari alijua familia ya mhandisi ilikuwa chumba 32. Binti wa mhandisi, ambaye sasa ni bibi kizee huko kwao, alimwandikia mwaka juzi, akasema alikuwa na miaka mitatu wakati ule na hakumbuki lolote ila namba ya shaba mlangoni, na kwamba alilia njia nzima.

Mimi ndiye niliyeishika lenzi. Thelathini na mbili: 147, chini.

"Soma tena," alisema shangazi.

Nikasoma tena. Akanishika uso kwa mikono miwili akanibusu kwenye paji, kisha akambusu na Bwana Faili, ambaye alidondosha kalamu. Siku hiyo hiyo akaandikiwa kibali: Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, chumba namba 147. Njiani kurudi nyumbani alinieleza atakachofanya. Ataingia na shuka lake mwenyewe, jipya, atakitandika kitanda kile kama inavyotakiwa, kisha atalala juu yake saa nzima na kufumba macho.

"Utalala tu?"

"Nimelala mbali na mama yangu miaka sitini na miwili. Saa moja mnaninyima?"

Nilimshika mkono tukavuka barabara.

Kesho yake alirudi kwa Bwana Faili, na mimi nikamfuata baada ya kazi. Hakuwa na haja ya kurudi, namba alikuwa nayo. Alisema anataka kumhesabia mama yake usiku wake, mmoja mmoja, ajue kama alikuwa analala vizuri. Nilimkuta amekaa mbele ya kitabu, kidole kimesimama kwenye mstari wa 147 chini, chai imepoa.

"Shangazi?"

Nikainama na lenzi. Alama ya kwanza, ile ya ukaguzi wa mchana kabla meli haijang'oa nanga, ilikuwa nusu duara. Ya asubuhi iliyofuata, duara. Iliyofuata, duara. Nikafuata mstari mpaka mwisho wa ukurasa. Duara kumi na tisa.

"Hakulala," nilisema.

"Hakuwepo," alisema shangazi.

Bwana Faili, kwa huruma yake, alianza kutafuta njia ya kutokea. Pengine alilala na watoto kule 32. Shangazi akamgeuzia kurasa za nyuma: tangu usiku wa kwanza, mtumishi mmoja wa kike wa meli alihamishiwa 32 kulala na watoto. Asingehamishiwa kama yaya angekuwepo. Nikakumbuka yule mtoto wa miaka mitatu aliyelia njia nzima. Kisha nikafikiria jambo baya zaidi, nikamwona Bwana Faili naye analifikiria, akakimbilia kabatini akatoa daftari la wapagazi waliopakia mizigo. Alichelewa kupata ukurasa. Alipoupata aliusoma kimoyomoyo kwanza, akashusha pumzi, ndipo akatusomea: 147 chini, sanduku moja, limeshushwa saa tisa, mwenyewe amelichukua. Meli iliondoka saa kumi.

Kwa hiyo hakuzama wala hakufika ng'ambo akafa huko. Alipanda, akaonyeshwa kitanda chake, akakaa ukingoni, kisha akainuka, akachukua sanduku lake na kushuka.

Shangazi alifunga kitabu. "Miaka yote hii nailaumu bahari," alisema, "kumbe haikumchukua."

Nilipaswa kufunga mdomo. Lakini njiani hasira ya baba yangu ilinipanda, na nikasema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. Nilimwambia, basi baba alikuwa sahihi. Hakuna maji yaliyomzuia. Alikuwa upande huu huu wa dunia, ana miguu miwili na sanduku lake, akaenda zake kuanza maisha mengine, asikumbuke hata kutuma salamu.

Shangazi alisimama katikati ya njia, watu wakawa wanatupita huku na huku.

"Anayekimbia anapitiliza," alisema. "Huyu alikaa kwanza."

"Alikaa kufikiri namna ya kukimbia."

"Alikaa kufikiri. Alifikiri nini, hujui wewe, na baba yako hakujua." Akaendelea kutembea. Hakunisemesha siku tatu, yeye ambaye hawezi kumnunia hata paka.

Kulikuwa na tatizo jingine, na Bwana Faili ndiye aliyelileta, akizungushazungusha kofia mikononi, mlangoni kwa shangazi, jioni niliyokuwa nimekwenda kumsalimia. Kibali kilikuwa cha familia za abiria waliosafiri. Kwa karatasi zake mwenyewe, bibi yangu hakusafiri. Kwenye ramani kisanduku kile kingepaswa kuandikwa kitupu, na wenye meli wangeona ramani kabla ya Jumanne.

"Umekuja kuninyang'anya?" shangazi aliuliza.

"Nimekuja kuuliza niandike nini, mama."

"Wewe si msomaji wa alama sasa? Ile ya kwanza ilikuwa nini?"

"Nusu duara."

"Basi si kitupu. Andika ulichokiona. Kimekaliwa."

Bwana Faili akafikiri, akaivaa kofia yake, akasema ataandika hivyo, na jina kamili, na atakayebisha amfuate yeye ofisini. Nilimpenda mtu yule kuanzia siku hiyo. Na mimi nikatumia fursa hiyo kumwomba shangazi radhi. Alinisamehe shingo upande, akaniambia nije Jumanne na viatu vya kufunga, visivyo na kisigino.

Jumanne ilikuwa na jua kali. Mlinzi wa meli, mtu mmoja mfupi mwenye kofia ngumu, alitutangulia na tochi. Ndani kulinuka kutu na maji yaliyolala. Zulia lilishang'olewa, nyaya zinaning'inia, na kila baada ya hatua chache mlinzi alisema "kanyaga hapa, usikanyage pale." Tulishuka ngazi tatu za chuma, shangazi ananishika bega kwa nyuma. Mlangoni namba ilikuwa imeng'olewa, ila alama yake ilibaki kwenye rangi: 147.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko stoo yangu. Vitanda viwili vya chuma, kimoja juu, kimoja chini. Kitanda chetu, cha chini, kilikuwa kando ya dirisha la duara. Godoro halikuwepo, waya tu, umelegea katikati.

Shangazi alitoa shuka kwenye mkoba. Nilidhani atalitandika. Alilishika kidogo, akalirudisha. Akakaa ukingoni mwa kile chuma, mikono magotini. Nilisimama mlangoni, sikujua niangalie wapi. Baada ya muda akaniita nikae pembeni yake.

"Inama kidogo," alisema. "Alikuwa mfupi, mama mkubwa alisema hivyo. Haya, unaona nini?"

Kupitia dirisha lile, chini ya mstari wa kutu, niliona gati. Niliona geti la bandari, na nyuma yake barabara iliyonyooka kwenda kituo cha treni.

"Si bahari," nilisema.

"Si bahari. Chumba hiki kinatazama nyumbani." Akavuta pumzi ndefu. "Nina hamu naye, mwanangu. Nilidhani nikikaa hapa itapungua. Imezidi."

Nilimkumbatia. Tulikaa hivyo, tumebanana, kichwa changu kinagusa kitanda cha juu. Saa yetu haikufika hata nusu alipoinuka ghafla, akapangusa sketi kutu, akamwambia mlinzi tunashuka.

"Muda wenu bado, mama."

"Na yeye hakumaliza wake."

Alishuka ngazi zile kwa kasi iliyonitisha. Alivuka gati, akatoka getini bila kuangalia nyuma, akafuata barabara ile iliyonyooka na mimi nyuma yake naomba tupumzike. Kituo cha treni siku hizi ni ghala la saruji. Treni ya bara iliondolewa miaka mingi iliyopita, lakini ukutani ubao wa saa za treni haukuwahi kung'olewa, umefifia tu. Akasimama mbele yake. Yeye mwenyewe alikuja mjini kwa treni hiyo, anazijua saa zake, lakini aliniamuru nisome.

Nikasoma. Treni ya bara, kila siku, kuondoka saa moja asubuhi, kufika kesho yake saa kumi na mbili jioni.

"Meli iliondoka Alhamisi," alisema. Alikuwa anahesabu kwa vidole, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimsomea Bwana Faili vyumba. "Alhamisi alishuka saa tisa, treni ya siku hiyo ilishaondoka. Angepanda ya Ijumaa. Jumamosi saa kumi na mbili angeteremka, na kutoka kituoni mpaka nyumbani kwa mama mkubwa ni mwendo wa robo saa."

"Basi angefika Jumamosi jioni," nilisema. "Angewakuta."

Shangazi alitikisa kichwa. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, kwa kuwa, alisema, halikuwahi kuwa na maana yoyote. Mama mkubwa aliwahamisha. Mumewe alipata kazi mahali pa mbali, na yeye mwenyewe alikuwa amegombana na mtaa mzima, basi wakaondoka bila kumuaga mtu wala kumwambia mtu wanakokwenda.

"Lini?" niliuliza, ingawa sikutaka kujua.

"Alhamisi tuliambiwa, leo mama anapanda meli. Nililala mara mbili tu tangu tuambiwe. Mara ya pili niliamshwa bado giza, nikapakiwa kwenye lori na baba yako kwenye mapaja yangu."

Jumamosi alfajiri. Nikahesabu na mimi, nikahesabu tena, nikitafuta siku moja ya ziada popote, sikuipata.

Ndipo nilipojisikia nikimtetea yule mwanamke kwa maneno yale yale niliyomtukania maisha yangu yote. Nilimshika shangazi mikono, nikamwambia, sikiliza, huenda hakuja. Huenda alikwenda zake kweli, akapanda basi la kwenda kwingine, akaolewa huko, akasahau. Watu husahau, shangazi. Nilimsihi akubali. Nilikuwa tayari bibi yangu awe mtu mbaya kabisa, ili mradi asiwe amesimama mlangoni kwa mama mkubwa Jumamosi ile na sanduku lake, ndani hamna mtu.

Shangazi alikuwa bado anautazama ubao.

"Hapana," alisema. "Alikuja. Aligonga."